Namba Haikukuchagua Weye, Mave

Saio, siku moja mbele ya safari yako

Mave, mutoto wangu,

Umeenda kusukwa nywele kwa mama Solange, na umesema utarudi saa kumi na moja. Niko na masaa tatu. Mutu mwenye alifika kwenye quatrième primaire tu anaandika polepole, na bic inanichoma vidole, lakini hii neno siwezi kuisema na kinywa. Nikifungua kinywa nitalia, na nikilia utaanza kunibembeleza, na mwisho wa yote weye njo utakuwa umenifariji mimi, na neno yenyewe itabakia ndani. Najua namna tuko siye wawili.

Mambo ya pulover, ya dawa ya malaria, ya kuficha pesa mahali gani, sitakuandikia. Ile yote Rachel, muke wa Désiré, atakuonyesha kule Kampala. Mimi niko na neno moja, na iko mubaya.

Kesho unapanda ndege ndogo kwenda kumupatia mukubwa wako Désiré figo. Hapa nyumbani, na kanisani, na kwa majirani wote, kila mutu anajua namna ilifika kwako: karatasi ya hospitali ilitoka na namba, na namba ikakuonyesha weye. Mimi njo nilikuambia hivyo. Ilikuwa uongo. Namba haikukuchagua, Mave. Nilikuchagua mimi, na sikukuuliza.

Sasa imeandikwa. Uniache nipumue kidogo.

Nitaanza pale yenye ilianzia. Wakati mafigo ya Désiré yalikufa na wakamupeleka Kampala kwenye mashini ya kusafisha damu, madaktari walisema anahitaji figo ya ndugu. Mimi tension na kisukari zilinitoa mbele ya kuanza. Mulibakia wawili, weye na Janvier. Lakini mbele ya kukata mutu, lazima wapime damu ya pande mbili, kuona kama mwili ya huyu na mwili ya mwenzake zinaelewana. Assurance ya kazi yake Désiré, ile kazi ya kuendesha gari, iliitika kulipa. Basi assurance hailipi maneno, inalipa namba. Kila kazi ya hospitali iko na namba yake, na kama namba haiko kwenye karatasi, ni kama vile ile kazi haikufanywa.

Karatasi yetu ilikuwa na mistari tatu. Mustari ya kwanza, kupima damu ya mugonjwa. Ya pili, kupima damu ya mwenye kutoa. Ya tatu, kuchanganya damu ya wale wawili kuona kama zinapigana. Mwenye kutoa, mutu mumoja. Assurance ilisema hivyo: mumoja tu. Damu yake ikikatala, wa pili familia itajipimia yenyewe.

Kwenye bureau yao kuko muzee mumoja wa miwani, Monsieur Anselme, mwenye kupokea makaratasi. Mimi nilimuuliza kama vile mujinga: "Hii namba ndefu ni ya mutoto wangu yupi?"

"Mama, namba si ya mutu," alisema. "Ni ya kazi. Hii inasema tu: pima mwenye kutoa. Mutu mwenyewe, ninyi mutaleta jina."

Nilielewa palepale. Unajua kazi yangu kwenye mashini ya kusaga pale Nyakasanza. Mutu akileta mufuko ya mahindi, naandika na makala alama mbili: alama ya kazi, kusaga mara moja ao kusaga laini, na pembeni alama ya mwenyewe. Alama ya kazi haijui kama mahindi ni ya mujane ao ya askari. Nikamuambia Monsieur Anselme hivyo. Akanionyesha namba ingine, ya kipimo kikubwa, ile ya kuangalia damu ndani kabisa, yenye inakuja nyuma. Nikasema, "Ile ni kusaga laini." Alicheka mupaka akavua miwani.

"Mama, kesho ukuje ukae hapa kwenye kiti yangu. Mimi niende kusaga."

Nakuandikia hii juu ujue: sikukosea juu ya kukosa masomo. Usiwaache watu wakuambie siku moja, "Mama yako hakuelewa, ni mambo ya wazungu." Nilielewa vizuri kuliko wale wenye kusoma.

Mara ya kwanza karatasi ilirudi. Kwenye clinique walikuwa wameandika namba ya mwenye kutoa, kisha pembeni yake wakaweka tena jina ya Désiré. Monsieur Anselme akaigeuza akaniangalia. "Hapa mutoto wako anajipatia figo yeye mwenyewe. Angekuwa nayo ya kutoa, tungekuwa tunahangaika ya nini?" Tulicheka kama wapumbavu. Sikucheka tena hivyo tangu ile siku.

Nikarudi nyumbani na karatasi mupya yenye ule mustari ya pili ilikuwa wazi.

Ile mangaribi Janvier alipita na moto yake, ile pikipiki yake. Weye ulikuwa kwenye mazoezi ya korale. Akakunywa maji akiwa bado amesimama, akaniambia, "Mama, andika jina yangu."

"Na watoto wako wane?"

"Watoto wane watakula. Mimi niko na mafigo mbili na moto moja. Ile moto njo itakufa ya kwanza, utaona." Akatoa karte yake ya uchaguzi kwenye mufuko ya koti, akaiweka juu ya meza. "Usifikiri sana. Ukifikiri sana utaanza kuuliza watu."

Alinijua. Kesho yake niliuliza watu.

Baba yako mudogo Ngabu alikuja asubui. Tangu baba yako alikufa, yeye njo anakaa kwenye ile kiti. Nilimuonyesha karatasi. Alisema, "Janvier ni nguzo ya nyumba. Mutu hapasui nguzo juu ya kutafuta kuni." Akasema tena, "Musichana, hata wakimukata, kovu itakaa kwa nyumba ya wengine." Nilimuongezea sukari ndani ya chai. Njo hivyo nilimujibu, Mave. Nilimuongezea sukari.

Usimuchukie. Yeye alisema tu. Mukono yenye iliandikisha haikuwa yake.

Nilienda bureau na karte mbili zimefungwa kwenye pembe ya kikwembe: ya Janvier, yenye alinipatia mwenyewe, na yako, yenye nilitoa ndani ya sanduku ya makaratasi weye hauko. Njiani nilikuwa najiambia kwamba bado sijui. Leo naona nilijua. Mutu mwenye hajui anaomba Mungu. Mwenye anabeba karte mbili amekwisha kuchagua, anatafuta tu saa ya kujiitikia.

"Jina ya mwenye kutoa?" Monsieur Anselme aliuliza.

Nikafungua fundo. Karte ya Janvier ilikuwa juu. Nikaisukuma na kidole, nikatoa yenye ilikuwa chini.

"Ni musichana?"

"Ni musichana."

"Anajua?"

"Anajua."

Akaandika. Ilichukua muda mufupi sana. Nilifikiri jambo kubwa hivi itachukua muda.

Nilikukuta unachagua maharagi. Ukaniuliza karatasi imesema nini, na mimi, mukono yangu bado iko kwenye mulango, nikakuambia iko na namba, na ile namba inaonyesha mutoto wa kike, bila ndoa, mwenye umri wako. Ukacheka. "Basi ile namba inanijua kupita shangazi Dhena." Kisha ukaacha kucheka. Ukauliza, "Janvier haiko ndani?"

"Haiko."

"Bon," ulisema. Ukarudi kwa maharagi yako.

Na Janvier nilimuambia hivyo hivyo. Alikasirika. Alisema atakwenda kubishana na hiyo namba. Nikamuambia mutu habishani na namba, ni mambo ya mashini. Alitazama chini, na nikaona amepona, na amepata haya juu ya kupona. Nilimuibia hata ile kitu alitaka kukufanyia.

Halafu walikutoa damu, chupa ndogo zikapanda ndege, na tukangoja. Moyoni nilikuwa naomba ikatale. Ndiyo, mimi. Niliomba damu yako ikatale, juu nisibebe ile yenye nilifanya, hapohapo nikiwa najua ikikatala Désiré anabakia bila mutu. Ile wiki niliomba vitu viwili vyenye kupigana na sikujua Mungu atasikia gani. Simu ilipolia na wakasema inafanana, watu walipiga vigelegele mupaka kwa mama Solange. Baba mudogo aliruka kama kijana. Hakuna hata mumoja mwenye alikugeukia kukuuliza, "Na weye?" Ulikuwa kwenye moto unasonga bugali. Uliisonga mupaka ikaiva, ukaipakua, ukatuita kula.

Ningeweza kusema ukweli ile siku. Nilisema: nitangoja kelele ipungue. Kelele haikupungua. Siku ya Yenga, siku ya ibada, ukasimama mbele ya kanisa nzima, na ile robe ya bleu ya korale, ukatoa ushuhuda. "Nyumbani kwetu tuko wengi, lakini namba ilianguka juu yangu. Niliogopa. Sasa siogopi, juu mwenye alituma namba alijua damu yangu mbele yangu." Watu walipiga mikono. Pasta akasema kuko watu wenye kuitwa na sauti na kuko wenye kuitwa na namba. Na mimi nilikuwa kwenye banc ya tatu, nikasema amina. Mave, nilisema amina. Kwa nguvu, juu watu walikuwa wananiangalia.

Tangu ile siku sijalala vizuri. Uongo yenye nilikupatia kwa haraka mulangoni, weye uliichukua ukaifanya kuwa imani. Unasimama juu yake. Unaenda kulala juu yake wakati watakukata. Na chini hakuna kitu, kuko mama yako tu na kidole yake.

Nataka kukuambia kwa nini weye, na sitafuti kujitetea.

Watu watasema nilimupenda Désiré kupita. Hapana. Nilikuwa na woga juu ya wote watatu, lakini woga juu yako ilikuwa ndogo, juu haukunisumbua hata siku moja. Désiré alikuwa mutoto wa magonjwa. Janvier wa fujo. Weye ulikuwa unakaa. Mutoto mwenye halii, mama anasahabu kwamba iko mugongoni. Anainama, anainuka, anapika, na siku moja anamugongesha kwenye mulango.

Na kuko ingine, ya zamani. Nilikua upande wa Irumu, na baba yangu alikuwa na ngombe. Wakati baba yako alinioa, ngombe za mahari yangu zilipita nyumbani kama maji. Zilikaa majuma mbili, kisha zikatoka kwa mulango ingine kwenda kumuolea kaka yangu muke. Nilikuwa najua. Ni hivyo kwetu: musichana anaenda, ngombe zinakuja, kijana anaoa. Hakuna mutu aliniuliza na sikungoja mutu aniulize. Nilijiambia: angalau muke wa kaka yangu atajua nilikuwa mulango yake.

Mwaka wenye tulikimbia vita, weye ulikuwa bado haujatembea, nilifika kwa kaka na watoto watatu na sufuria moja. Muke wake alitupatia nyumba ya mbuzi. Sikusema kitu siku tatu. Siku ya ine mvua iliingia, nikamuambia, "Mimi njo ngombe zenye zilikuleta hapa." Alikuwa anapepeta muchele, hata hakuinua kichwa. "Zile ngombe? Zilikufa zote na ugonjwa ya miguu. Sasa unataka nini?"

Nimebeba ile jibu miaka yote hii, na nilifikiri fundisho yake ni kwamba yule mwanamuke iko na roho mubaya. Leo naona ingine. Kitu yenye watu walikuchukulia bila kukuuliza, hakuna mutu anaikumbuka kama zawadi. Hata weye mwenyewe hauwezi kuikumbuka kama zawadi. Inabakia ndani yako kama deni yenye hakuna mutu anaitambua. Hii ninaijua kwa mwili yangu, na bado nilikufanyia. Mutu anaweza kujua moto inaunguza na akamuweka mutoto wake karibu, juu yeye mwenyewe alilelewa karibu na moto.

Tena hii si mara ya kwanza. Unakumbuka mwaka wenye ulikaa nyumbani, ukauza bunga na mimi? Nilikuambia shule imejaa, hakuna banc. Shule haikujaa. Désiré alikuwa anamaliza, na nilikuwa na pesa ya mutu mumoja tu. Ile nayo sikukuuliza. Nilitafuta kitu yenye haina uso, nikaiwekea makosa. Ile mwaka ilikuwa "shule." Mwaka huu ni "namba." Nimeona hivyo nikiwa naandika hapa, sikuwa nimeona mbele: mimi nikiogopa macho ya mutoto wangu, najificha nyuma ya bureau ya watu.

Na weye ulijua. Krismasi iliyopita, tulikuwa tunanyonyoa kuku, ukaniambia ukicheka, "Mama, ile mwaka, directrice alinikuta sokoni akaniuliza kwa nini kiti yangu iko wazi." Nikauliza ulimujibu nini. "Nilimuambia niko mugonjwa." Ulikuwa umeficha uongo yangu miaka mingi, na juu yake ukaweka yako, juu nisipate haya mbele ya directrice.

Sasa njo naogopa. Naogopa labda hata hii unaijua. Labda uliona karte yako haiko ndani ya sanduku. Labda ile ushuhuda ilikuwa ya kunifunika. Kama ni hivyo, Mave, nakuomba uache kunifunika. Mimi ni mutu mukubwa. Nitakaa na haya yangu, haitaniua.

Juzi nilipigia Désiré simu nikamuambia yote. Kisha nikasikia Rachel anamunyanganya simu. "Mama, muko munafanya nini? Ndege ni juu ya Alhamisi! Musubiri akwishe kupona, kisha mutasema yote yenye munataka!" Usimuchukie na yeye. Yeye njo anaona miguu ya bwana yake inavimba kila asubui, anabonyeza na kidole na shimo inabakia. Mangaribi Désiré alinitumia sauti. Sauti yake imekuwa nyembamba. Alisema: "Mama, umuambie. Nitabeba kitu yake ndani ya tumbo yangu siku zote, sitaki kuibeba kama vile mwizi. Umuambie mbele hajapanda ndege. Nitangoja." Akakohoa, akasema tena, "Usimuambie kwamba nilikutuma." Basi nimekuambia. Nimechoka kuficha.

Janvier pia anajua, tangu jana. Alitoka nje, akapiga kiti ya moto yake na mukono, akarudi. Alisema jina yake iko palepale yenye aliiweka. Lakini sitakudanganya mara ya tatu: kupima damu ya Janvier itatoka kwetu siye wenyewe, itachukua majuma, na hakuna mutu anajua kama itafanana. Désiré anaweza kufa tukiwa tunangoja. Ukisema hapana, anaweza kufa. Hii ni kweli, na ingekuwa muzuri kwangu kukuficha, na sikufichi.

Na hii ingine pia ni kweli. Siku ya majibu, Monsieur Anselme aliniambia kwamba kule hospitali watakuweka ndani ya chumba peke yako, bila Désiré, bila Rachel, na mutu mwenye haiko wa ndugu atakuuliza kama unataka. Ukisema hautaki, watatuambia siye kwamba haifai kwa mambo ya daktari, na watanyamaza. Hakuna mutu atajua. Nikamuuliza, "Na ile kazi ya kumuuliza, nani anailipa?" Akafungua makaratasi yake, akaweka kidole kwenye mustari. "Hata ile iko na namba yake, mama."

Nilirudi na miguu mupaka Saio, sikuchukua moto. Kuko watu wa mbali, hawakujui, wanalipwa juu ya kukuuliza kama unataka. Mimi nilikuzaa. Kwangu kukuuliza ilikuwa bure. Ulikuwa hatua mbili mbele yangu, unachagua maharagi.

Niko na shauri moja tu ya kukupatia, na nimeilipa mimi. Mutu akikuambia, "Imechaguliwa," umuulize ni nani alichagua. Kama anasema ni sheria, ni desturi, ni mashini, ni Mungu, uulize tena. Karibu kila mara nyuma kuko mutu mumoja mwenye alikuwa na woga. Haisemi kwamba ukatale. Unaweza kuitika. Lakini uitike ukimuangalia kwa macho.

Kuhusu pasta na korale, nitasimama mimi siku ya Yenga na kusema ni nani alisema uongo. Imani yako sitaki kuigusa. Kama Mungu alikuita, alikuita, na anaweza kukuita tena bila musaada ya uongo yangu.

Hii barua sitaificha ndani ya sakosh yako. Nilifikiri hivyo, kwamba uikute kule juu ya kitanda ya hospitali, na nikaona ni kukudanganya tena, ni kukungoja ufike mahali pa kushindwa kurudi. Nitakupatia mukononi ukiingia, mbele ya chakula. Utaingia chumbani, utafunga mulango. Mimi nitakaa nje kwenye jiwe ya kufulia. Sitagonga, na sitatuma mutu kugonga. Hata kama ni mupaka asubui.

Ukitoka, utaniambia neno moja, ndiyo ao hapana, na hautanieleza sababu. Kama ni hapana, mimi njo nitaibeba: kwa baba mudogo Ngabu, kwa Rachel, kwa Désiré mwenyewe. Nitamupigia simu na nitamuambia na sauti yangu. Kama ni ndiyo, nitakusindikiza mupaka kwa ndege, na sitasema aksanti mbele ya watu, juu ile aksanti si yangu ya kusema.

Nasikia sauti yako kwa mama Solange, munaagana. Basi.

Nimechelewa, mutoto wangu. Nakuuliza hata hivyo, kama vile mustari ya pili iko bado wazi: Mave, unataka kumupatia?

Mama yako